Jina Lisilojibiwa

"Hondohondo!" Mhina alisoma kwa sauti ya kupasua bati.

Kitabu kikanyamaza. Picha ya yule ndege mwenye mdomo mkubwa ilitanda ukurasa mzima, mbawa wazi, ikasubiri. Na kabla Mhina hajavuta pumzi nyingine, darasa zima likapokea:

"Yupo! Yupo kwenye mti mkubwa wa mkulo, juu ya maporomoko ya Kwetonge! Anatunzwa na babu Shekalage!"

"Safi sana," Kitabu kilisema kwa sauti yake ya upole, sauti ya shangazi aliyekuja kukaa wiki nzima. "Hondohondo yupo. Mhina, endelea."

Mwalimu Zaina Singano alikuwa amesimama nyuma ya darasa, mikono kifuani, anatabasamu peke yake. Na kwa nini asitabasamu? Watoto hawa walipoletwa kambini Kwemzinda hawakujua a wala be. Walitolewa juu ya mlima Lugole pamoja na wazazi wao, siku ile shirika la Hazina ya Misitu lilipouchukua mlima na kutangaza kwamba kuanzia sasa huo ni Msitu Mtupu, yaani wa miti na wanyama tu, binadamu marufuku. Wakashushwa tambarare, kwenye nyumba nyeupe za plastiki zilizopangwa mistari, kwenye joto ambalo mchana huwezi kukanyaga sakafu bila viatu. Wiki za kwanza watoto hawakusema kitu. Sasa wasikilize! Walikuwa wanasoma mpaka mate yanawakauka.

Kilichowafungua midomo ni hicho Kitabu Sikivu. Kwa kukitazama ungedhani ni kitabu kama vingine, kikubwa kidogo, chenye kurasa laini. Lakini kilikuwa kinasikia. Mtoto akikwama kwenye neno, herufi zilijinyoosha taratibu mpaka azishike. Akisoma vizuri, mbega aliyechorwa aliruka kutoka ukurasa huu hadi ule, na darasa likacheka. Kilimjua kila mtoto kwa jina na kwa sauti, kikajua nani amechoka na nani anajifanya amechoka. Maneno yaliyokuwemo yalikuwa ya Zaina mwenyewe. Hazina walimtoa Handeni, mwalimu asiye na mbele wala nyuma, wakamwajiri ayaandike, na yeye aliyaandika kwa moyo wake wote: kila sura kiumbe kimoja cha msituni, na kila kiumbe na haki yake.

Na ile nafasi ya kunyamaza baada ya jina, hiyo ndiyo aliyojivunia kuliko yote. Kwa watu wa Lugole, kiumbe cha msituni hakitajwi kikaachwa hewani. Ukitaja mti, ndege au chura, waliopo lazima wakujibu: yupo, yupo mahali fulani, anatunzwa na fulani. Hata mti hujibiwa yupo, kama mtu. Kila mti mkubwa na kila chemchemi ina mtu wake wa kuiangalia, na huwezi kuutaja mti ukamwacha mwenyewe. Jina likitajwa lisijibiwe, maana yake kimekufa hicho kilichotajwa, na wote waliosikia huweka mikono kichwani kama kwenye msiba wowote. Mzaha hapo hakuna. Mtoto akiacha kujibu kwa uvivu tu, atafokewa mpaka akome.

Zaina, mtoto wa nyika, alipolisikia jambo hilo mara ya kwanza nusura alie. Aliwaambia Hazina: naomba Kitabu kikitaja jina kinyamaze, watoto wajibu kwa desturi yao. Wakakubali palepale. Walikubali pia sura ya mwisho, ile ya Binadamu na haki zake, bila kubadili hata nukta. Zaina alishangaa kidogo wakubwa wale kuwa wepesi hivyo. Kisha akajipongeza, akaenda kunywa chai.

Hiyo ya Mhina na hondohondo ilikuwa Jumatatu. Alhamisi, watoto wakiwa uwanjani, gari la Hazina liliingia kambini likitimua vumbi, likasimama mbele ya shule. Askari wawili wakafungua mlango wa nyuma. Akateremka mzee mmoja mwembamba, miguu mitupu, ameshika kata ya kuchotea maji na hakuna kingine.

"Babu!" Mhina alipiga kelele. Akakimbia, akamrukia mzee kiunoni.

Alikuwa Babu Shekalage. Kambini wote walijua kwamba wako waliobaki juu, wazee waliokataa kushuka, wakajificha msituni, kila mmoja na mti wake. Hawakutajwa mbele ya watu wa Hazina. Watoto wao waliwapelekea chumvi kwa njia ambazo hakuna aliyeziuliza.

Zaina alimkaribisha mzee kivulini, akampa maji. Mzee alikunywa kidogo, akarudisha kikombe kwa adabu. Joto lilikuwa limeshaanza kumtoa jasho la kifo.

"Shikamoo, babu. Pole sana."

"Marahaba, mwanangu." Alimtazama Zaina kwa macho ya mtu asiyeelewa kitu. "Hebu nisaidie wewe uliyesoma. Mimi nimekaa pale tangu mlima ulipochukuliwa. Zile droni zao zilikuwa zinapita juu yangu kila siku, hazinioni. Mlango wangu hata nyani hauoni. Jana hazikusita. Zilikuja moja kwa moja kwenye mkulo wangu, zikashuka, zikaniita kwa jina. Shekalage, zikasema, karibu twende. Wamelijuaje jina langu?"

"Tulikutaja darasani, babu!" Mhina, hana hili wala lile, alikuwa anacheka kwa furaha ya kumwona. "Nilisoma hondohondo, wote wakajibu, na Kitabu kikasema safi!"

Mzee alimpapasa mjukuu wake kichwani. Zaina ndiye aliyeelewa, akashika njia ya ofisini.

*

Ofisi ya Bwana Respicius ilikuwa kontena lenye kiyoyozi, mahali pekee Kwemzinda ambapo mtu angeweza kuvaa koti. Yeye ndiye aliyekuwa msimamizi wa mradi wa kusoma, mtu mpole wa Bukoba, mwenye tabia ya kukupa kiti kabla hujasalimia. Siku hiyo Zaina hakukaa.

"Kitabu kinawapeleleza watoto wangu," alisema.

"Aa, mwalimu, hapana." Respicius alionekana kuumizwa kweli. "Kupeleleza ni neno baya. Kitabu kinajifunza. Wewe ndiye uliyekiandika."

"Mimi niliandika habari za ndege!"

"Na ndege wamepona. Njoo uone."

Akawasha ramani juu ya meza. Mlima Lugole ukainuka, mdogo, wa mwanga, na juu yake nukta za kijani zimetapakaa kila mahali. Zaina aliijua ile sheria, nani asiyeijua? Sheria ya Majina. Kiumbe chenye jina na mahali panapojulikana kina haki ya kuishi mbele ya mahakama, kama mtu. Mteremko wenye majina ya kutosha haukatwi, hauchimbwi, hauguswi. Mteremko usio na majina ni ardhi tupu, na ardhi tupu ina wanunuzi.

"Miaka yote tuliweka kamera, tukarusha droni," Respicius alisema. "Hazikuona hata nusu. Chura mdogo kama ukucha, anayeishi ndani ya maji ya jani moja, kamera itamwonea wapi? Lakini watoto wako wanamjua, na wanajua yuko kwenye jani gani. Tangu waanze kusoma, vyura tuliodhani wametoweka wamerudi kwenye hesabu. Huu mteremko wa magharibi wote, watu wa madini walikuwa wameshauwekea bendera. Leo hawawezi kukanyaga. Nani amewazuia? Watoto wa darasa lako. Mwalimu, mimi nalala usingizi kwa sababu ya watoto wa darasa lako."

"Na Babu Shekalage?"

Respicius alishusha macho. "Msitu Mtupu ni msitu mtupu. Mtu akijulikana yupo, lazima ashushwe, la sivyo mlima wote unapoteza hadhi yake na ulinzi unafutwa. Sikuitunga mimi sheria. Wanashushwa kwa heshima."

"Kwa heshima! Mzee ana kata ya maji mkononi! Hamkumwacha hata achukue shuka!" Sauti ya Zaina ilipanda, hakuijali. "Basi kifundisheni hicho Kitabu kisisikie majina ya watu. Kisikie ya miti peke yake."

"Haiwezekani. Mahali penyewe ndipo panapowafichua. Watoto wako hawasemi kaskazini wala kusini, wanasema mti wa fulani, nyuma ya nyumba ya fulani. Droni ikifika kuthibitisha mti, inamkuta na mtu."

"Na wakitaja mahali pa uongo?"

"Droni inakwenda, haikuti kitu, kiumbe kinaandikwa kuwa kimetoweka. Moja kwa moja. Na jina lisilojibiwa nalo huhesabiwa hivyo hivyo." Alivuta kiti, akakaa yeye. "Nisikilize, mwalimu, maana sipendi kukuficha. Mteremko wa mashariki bado majina hayajatosha. Jumatatu wakaguzi watasikiliza darasa lako kutoka mbali, sura zilizobaki zote. Majina yakitosha, mteremko umepona milele. Yasipotosha, mashine za madini zinaingia kabla ya mvua. Na ukifikiria kugoma, Kitabu kinaweza kufundisha chenyewe. Hakikuhitaji wewe."

Zaina aliutazama ule mlima wa mwanga. Upande wa mashariki ulikuwa na nukta chache, zimetawanyika. Alijua ni nani wamebaki upande huo. Bibi Kidee, bibi yake Chausiku wa darasani kwake, na wenzake wachache.

"Niliandika kwa mkono wangu," alisema, "kwamba kila mtu ana haki ya kuishi nyumbani kwake."

"Sura nzuri sana ile," Respicius alisema, na alikuwa anasema kweli. "Mimi huwa naisoma."

*

Babu Shekalage hakuimaliza wiki. Alikaa mbele ya nyumba nyeupe ya mwanawe, mgongo ukutani, akawa anakataa chakula kwa upole, kila sahani anasema asante, nimeshiba. Wengine walioshushwa kabla yake walikwenda vivyo hivyo. Daktari wa kambi aliandika joto. Kambini walisema mtu hawezi kuondoka kwenye mti wake akaishi, na ukweli sijui uko wapi, ila Jumapili asubuhi walimzika kwenye ule udongo mwekundu mgumu wa tambarare, na Mhina aliweka mikono kichwani, hakuishusha mpaka alipobebwa.

Zaina alirudi kutoka mazikoni akimtafuta Mama Chausiku. Alimkuta bombani, ndoo inajaa, yeye anatazama mlima.

"Mama Chausiku, nina neno nawe, na ni neno zito."

Akamwambia yote. Kitabu, ramani, nukta, Jumatatu. Alisema haraka, kama mtu anayetema kitu kichungu. Na alipomaliza akasema, "Ni mimi niliyeiomba ile nafasi ya kujibu. Mimi mwenyewe. Nitukane ukitaka."

Mama Chausiku alifunga bomba. "Nikikutukana mama yangu atafaidika nini?"

"Watoto wakijibu kesho, miti ya mashariki inapona na mama yako anashushwa. Wakinyamaza, mama yako anabaki, lakini mashine zitaingia. Niambie wewe. Mimi kichwa kimegota."

"Kabla ya mvua, umesema?"

"Kabla ya mvua."

"Basi atakuwa amepata miezi miwili mitatu." Mama Chausiku alijitwika ndoo, kisha akaitua tena. "Mama ana macho mabovu, mwalimu, lakini masikio anayo. Atazisikia mashine zikianza chini. Atakuwa na muda wa kuwaaga aliokuwa anawatunza. Huku hatakuwa na muda wowote. Umemwona Shekalage."

"Na miti?"

"Unaniuliza mimi habari za miti?" Sasa hasira ilimpanda, na Zaina aliishukuru hasira ile, afadhali hiyo kuliko upole. "Mimi nimezaliwa chini ya ile miti! Kitovu changu kiko kule! Unataka niseme nini, kwamba ikatwe? Sitasema. Na sitasema mama yangu aje afie kwenye plastiki. Nyie watu mnatuwekea visu viwili halafu mnatuuliza tunapenda kipi. Wewe ndiye mwalimu. Fanya unachofanya, lakini usije kwangu nikubariki."

Alijitwika ndoo yake, akaondoka, maji yanamwagika mabegani.

Zaina alisimama pale bombani mpaka wengine wakaja wakamwomba asogee. Aliwaza miti ya mkulo, mikubwa, imesimama pale kabla ya mababu. Aliwaza yule chura kwenye jani lake. Kisha akamwaza mzee anayesema asante, nimeshiba. Mti alikuwa hajauona ukifa. Mzee alikuwa amemwona. Sitadanganya nikasema alipima kwa mizani ya haki, hapana, alichagua kwa kile alichokuwa amekiona asubuhi ile kwa macho yake.

*

Jumatatu aliwakusanya watoto nje, mbali na darasa, nyuma ya matangi ya maji ambako Kitabu hakisikii.

"Wanangu, leo tukisoma, msijibu."

Walimtazama. Mmoja akacheka, akidhani ni mchezo.

"Sitanii. Kitabu kikitaja mti, kikitaja ndege, chochote, nyamazeni kimya. Hata mkijua."

"Lakini wapo, mwalimu," alisema Chausiku. Alikuwa msichana mdogo mwenye sauti kubwa, msomaji bora kuliko wote, mtoto wa kubishana. "Tukinyamaza tunasema wamekufa."

"Ni kwa leo tu, Chausiku."

"Kufa si kwa leo tu."

Jamani, mtoto yule! Zaina akachuchumaa, akamshika mabega, akamwambia ukweli kadiri alivyoweza: Kitabu kinawaambia watu wa Hazina mahali walipo wazee, ndiyo maana babu yake Mhina alishushwa, na wakijibu leo Bibi Kidee naye atashushwa.

Chausiku alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo ukitajwa mti wa bibi, ninyamaze?"

"Unyamaze."

"Nimzike bibi yangu, na yuko hai?"

"Ili aendelee kuwa hai, mwanangu. Niahidi."

Ilichukua muda. Kisha Chausiku akaahidi, na wenzake wakaahidi baada yake, mmoja mmoja, kwa sauti za chini. Mhina aliahidi wa mwisho. Macho yake yalikuwa yamevimba, na alikuwa hamtazami mtu.

Darasani Bwana Respicius alikuwa ameshakaa kwenye kiti cha mtoto, magoti yamemfika kifuani, kishikwambi mapajani. Kwenye kioo mteremko wa mashariki uling'aa, nukta zake chache zikipepesa. Watoto wakaingia, wakakaa. Hakuna aliyesukumana.

"Habari za asubuhi, watoto," Kitabu kilisema. "Leo tuna wageni wanaotusikiliza. Tusome vizuri. Mhina, tuanze na wewe."

Mhina alisimama. Alikwama kwenye neno la kwanza. Kitabu kilimsubiri, herufi zikajinyoosha kumsaidia, kubwa, wazi.

"Mkulo," alisoma.

Kitabu kikanyamaza kwa ile nafasi yao. Kimya. Nje kuku alikuwa anakwaruza mchanga, ukamsikia.

Mhina akaweka mikono kichwani. Mwenzake wa kulia akaweka. Kisha wote. Zaina hakuwaambia wafanye hivyo, hakukumbuka hata kwamba wangefanya, lakini wangefanyaje vingine? Mkulo umetajwa, haukujibiwa.

"Hakuna anayeujua mkulo?" Kitabu kiliuliza kwa upole. "Haya, si neno. Mwingine."

Kinyonga wa pembe tatu. Kimya, mikono kichwani. Mbega. Kimya. Popo wa pangoni, kipepeo wa kijani, chura wa kwenye jani. Watoto wadogo wa mbele walikuwa wameanza kulia bila sauti, machozi yanadondoka juu ya madawati, na bado walishika ahadi. Kila jina lililopita, kwenye kioo cha Respicius nukta moja ilizimika. Respicius alimgeukia Zaina. Uso wake haukuwa na hasira, ulikuwa uso wa mtu anayetazama nyumba ikiungua.

"Mwalimu," alinong'ona, "unajua unachofanya?"

"Najua," alijibu Zaina. Alikuwa anahesabu sura. Imebaki moja, ya mvule. Baada ya mvule kwisha, alijiambia, baada ya mvule nitawatoa nje nikawakumbatie wote.

Mvule ulipita. Mteremko ukawa giza tupu.

"Sura ya mwisho," kikasema Kitabu. "Chausiku, mama, tusomee."

Sura ya mwisho! Zaina alikuwa amefikiria miti, ndege na vyura usiku kucha, na sura aliyoipenda kuliko zote, ile ya kwake ya moyoni, hakuifikiria hata mara moja. Alipiga hatua mbele. Chausiku alikuwa ameshasimama na kuanza, kwa sauti ile kubwa inayosoma bila kukwama.

"Binadamu. Binadamu naye ni kiumbe wa msitu. Kila mtu ana haki ya kuishi nyumbani kwake, bila kufukuzwa na bila kuogopa. Mtaje mtu umpendaye anayeishi msituni."

"Basi, Chausiku," Zaina alisema. "Inatosha. Kaa."

Lakini kwa watu wa Lugole hakuna anayeombwa kumtaja mtu ampendaye akakataa, hiyo ni aibu kuliko aibu zote. Chausiku alimtazama mwalimu wake, akatazama ukurasa.

"Bibi Kidee," alisema.

Kitabu kikanyamaza kumsubiri mtu ajibu.

Anayetaja hajijibu mwenyewe. Jibu hutoka kwa wengine, ndiyo desturi, na Chausiku aligeuka kuwatazama wengine. Walikuwa wameahidi. Kulwa wa dawati la mbele akapandisha mikono kichwani. Akapandisha aliyemfuata. Chausiku aliiona ile mikono ikipanda darasa zima, kama alivyoiona jana kwenye kaburi la Shekalage, na mwisho ikapanda ya Mhina, ambaye alijua ni nini.

"Yupo!" Chausiku alipiga kelele. "Msiweke! Shusheni mikono! Yupo! Yupo kwenye pango nyuma ya chemchemi ya Kwembiji, penye jiwe jeupe! Yupo! Anatunzwa na mimi!"

"Safi sana, Chausiku," Kitabu kilisema. "Bibi Kidee yupo."

Mikono ikashuka. Darasa zima lilivuta pumzi, na mmoja akaanza kupiga makofi, wakapiga wote, wakilia na kucheka, maana alikuwepo mmoja aliyejibiwa siku hiyo. Kwenye kioo cha Respicius mteremko wa mashariki ulikuwa mweusi, na katikati yake iliwaka nukta moja. Respicius akafunika kishikwambi, akainuka kwenye kile kiti kidogo, akatoka bila kuaga. Haukupita muda, uani droni zikaanza kuunguruma.

Chausiku alikuja mpaka mbele ya Zaina. Uso ulikuwa unang'aa.

"Yuko hai, mwalimu. Nimevunja ahadi, lakini yuko hai. Nimesema vibaya?"

Zaina alisikia droni zikipita juu ya paa, zikielekea mlimani. Alimvuta mtoto kifuani, akamziba masikio kwa viganja vyake viwili kana kwamba anamkumbatia tu.

"Hapana, mwanangu," alisema. "Umesoma vizuri sana."

Kitabu kilikuwa bado wazi juu ya meza, kinasubiri mwalimu aseme kipindi kimekwisha.